Muhuri wa Muuza Tofu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, maana mke wangu Oshige huwasimulia wateja kila apatapo nafasi, na afadhali mlisikie kwangu.

Jina langu ni Tamekichi, muuza tofu, ile jibini laini ya soya, katika mji wa Kanazawa, Japani. Jua linapotoka, sisi tumeshasaga soya. Oshige anakoroga chungu, mimi nakamua kwa kitambaa. Kazi hii inakula maji, ndoo arobaini kwa siku. Mwaka ule wa 1889 mtaani kwetu kulikuwa na kisima kimoja tu chenye maji mazuri. Kilikuwa uani kwa Bwana Kurosaki, mwenye kiwanda cha pombe ya mchele. Tulichota kwa hisani yake. Akikasirika, hakuna maji. Bila maji hakuna tofu. Bila tofu, mimi ni mtu aliyeshika kitambaa kilicholowa.

Mji wetu ulikuwa unachagua baraza lake kwa mara ya kwanza. Mwanamume aliyelipa kodi ya ardhi aliweza kupiga kura. Kiwanja changu kina upana wa hatua nne, lakini kilitosha. Nilijiona mkubwa kwa siku tatu hivi.

Siku ya nne akaja Genzo, karani mkuu wa Kurosaki. Alinunua tofu asiyoihitaji, akasifu hali ya hewa, kisha akasema tajiri wake anagombea kiti. Mpinzani wake alikuwa daktari Yasui, ambaye alitaka mji utuchimbie kisima cha watu wote.

"Andika jina la tajiri," Genzo akasema. "Chini yake gonga muhuri wako. Kura zikifunguliwa tajiri atakuwepo. Anataka kuwajua rafiki zake."

"Na asiyegonga?"

Genzo akazitazama ndoo zetu. "Kamba ya kisima imechakaa mno," akasema. "Tajiri anafikiria kukifunika."

Tangu hapo nilikosea mara mbili kipimo cha chumvichumvi ya kugandishia, tofu ikagoma kuganda, tukawapa nguruwe wa jirani. Mimi nilimtaka Yasui. Oshige naye alimtaka, ingawa hakuna aliyemuuliza. Lakini kila nikifikiri jina la Yasui, nasikia kifuniko cha kisima kikianguka.

Asubuhi ya uchaguzi nikaketi na brashi ili nijizoeze. Nikachukua karatasi ya kufungia tofu, nikaandika: Kurosaki. Kisha nikatoa muhuri wangu, uliochongwa jina langu, nikauchovya kwenye wino mwekundu, nikagonga. Ulitoka vizuri kweli. Kwetu karatasi isiyo na muhuri si karatasi. Ukioa, unagonga muhuri. Ukipanga chumba, unagonga muhuri. Kwa hiyo sikuona ajabu. Nilijipongeza kwamba nimeiokoa nyumba yangu.

Wakati huo akaingia Bwana Inaba, kununua nusu tofu kama kawaida yake. Zamani Bwana Inaba alikuwa askari wa bwana mkubwa wa ngome, akivaa panga mbili kiunoni. Sasa ni karani wa ofisi ya mji. Ndiye aliyenakili orodha ya wapiga kura, na jina lake mwenyewe halimo, kwa sababu kiwanja chake alishakiuza. Akaiona karatasi yangu ikikauka.

"Nani kakufundisha kuiharibu kura yako?" akauliza.

Nikamwambia mambo ya Genzo. Nikamwambia pia, kwa kiburi kidogo, kwamba hata mtoto anajua hati inataka muhuri.

"Hati inataka muhuri ili ijulikane ni yako," akasema. "Kura inataka isijulikane. Tamekichi, nisikilize vizuri. Unaandika jina la unayemchagua. Hilo tu. Jina lako huandiki, muhuri hugongi, salamu huweki. Ukiongeza chochote, kura inatupwa. Ukimaliza unaikunja, unaifunga kwa gundi, unampa msimamizi kwa mkono wako. Unamtajia jina lako na mtaa wako, anakutafuta kwenye orodha, kisha anaitia sandukuni vilevile ilivyofungwa. Hakuna wa kujua ulimwandika nani. Wala mimi, wala Kurosaki."

"Sasa Genzo hajui hayo?"

"Genzo anajua mapipa."

Nikamuuliza neno lililobaki. Je, Kurosaki asipouona muhuri wangu?

Bwana Inaba akasema hawezi kunidanganya. Jina nililoandika halitajulikana, lakini kwamba sikugonga muhuri, hilo Kurosaki anaweza kulikisia.

Nikamtazama Oshige. Aliuchukua muhuri wangu, akaufuta wino kwa aproni, akauchomeka ndani ya mshipi wake na kuukaza.

"Nenda, mume wangu," akasema. "Soya inakungoja."

Kura zilipigwa kwenye ukumbi wa hekalu. Genzo alikuwa amekaa langoni, akimsalimu kila mtu kwa jina. Nilipofika akaniuliza kama nimebeba muhuri. Nikamwambia mke wangu anao. Ilikuwa kweli tupu, lakini hakucheka, na mimi pia sikucheka.

Ndani niliandika polepole. Nikakunja, nikafunga, nikampa msimamizi. Akaniuliza jina na mtaa, akapitisha kidole kwenye orodha, akaitia. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Kesho yake alasiri Bwana Inaba akaleta habari. Yasui kura sitini na moja, Kurosaki hamsini na saba. Na kura kumi na tisa zimetupwa. Zote zilikuwa na jina la Kurosaki, na zote zilikuwa na mihuri myekundu, mizuri, iliyogongwa kwa nguvu. Kurosaki alikuwa ameketi palepale, akitazama rafiki zake wakitupwa mmoja mmoja.

Nilitaka kucheka. Kisha nikaziona ndoo.

Kisima cha mtaa kilichimbwa mwaka uliofuata, karibu na daraja, na leo hakuna amwombaye mtu maji. Lakini asubuhi ile, baada ya habari za Bwana Inaba, hakikuwepo bado. Kulikuwa na kile cha Kurosaki tu, na soya yetu ilikuwa imeshalowa. Tukaenda, Oshige na mimi, kila mmoja na mti wake begani na ndoo mbili.

Bwana Kurosaki mwenyewe alikuwa amesimama kando ya kisima, mkono juu ya kifuniko. Genzo alikuwa nyuma yake, mdogo kuliko siku zote. Tajiri akasema miaka kumi na miwili tumekunywa maji yake. Akasema aliomba jambo dogo tu, akaitazama mihuri yote ukumbini, mmoja baada ya mwingine, na wa muuza tofu hakuuona. Akaniuliza nina la kusema.

Nikauhamishia mti bega la pili, ndoo zikagongana.

Oshige akatua ndoo zake, akainama kwa heshima hadi chini, akainuka.

"Bwana, waliogonga mihuri ndio waliokuangusha," akasema. "Ulitaka na mume wangu awe mmoja wao?"