Sadaka Isiyofika Kanisani

Uhalifu uligunduliwa maktabani, Jumanne ya pili ya Machi, saa nne asubuhi, katika mji wa Nordby, Minnesota, ambako kesi kubwa ya mwaka uliopita ilikuwa ya mbuzi aliyeingia benki akagoma kutoka.

Bi Ione Kvistad, mjane wa miaka themanini na mitatu, alikuwa amepeleka karatasi zake za kodi kwa wastaafu wanaojitolea hapo kuwasaidia wenzao kila msimu wa kodi. Mwanawe, Darrell, alikuwa ameshazijaza nyumbani kwa programu ya kompyuta. Bi Ione alitaka tu macho mengine yazipitie. Mzee aliyempokea akasoma, akasita.

"Bi Ione, pesa zote ulizotoa mwaka jana kwenye akaunti yako ya kustaafu zimehesabiwa kodi. Elfu kumi na nne nzima. Hakuna iliyokwenda sadaka?"

"Ipo. Ilitoka kwenye akaunti moja kwa moja, hundi ina jina la kanisa."

"Basi hiyo haitozwi kodi. Ila kampuni inayotunza akaunti huandika jumla tu, na programu haijui kitu mpaka uiambie. Barua ya shukrani ya kanisa iko wapi?"

Barua hakuna; Bi Ione alikuwa akiingoja tangu Krismasi. Mzee akapiga simu kanisani, na huko nako hundi hawakuiona. Kufikia wakati wa chakula cha mchana mji mzima ulikuwa na habari, na vidole vyote vilimwelekea Gordon Aune, mtunza hazina wa kanisa, aliyenunua pikapu mpya mwezi wa Januari. Lisemwalo lipo, watu walinong'ona juu ya vikombe vyao vya kahawa.

Saa nane mchana Bi Ione alikuwa ameketi ofisi ya sherifu, koti halijavuliwa, mbele ya mpelelezi LaVonne Pribyl.

"Hundi ilikuwa ya kiasi gani, Bi Ione?"

Bibi akautazama mlango. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma kikiwa kifudifudi. LaVonne hakushangaa, kwa kuwa alizaliwa hapohapo. Walutheri wa Nordby watakusimulia upasuaji wa nyonga zao hatua kwa hatua huku unakula, lakini kiasi cha sadaka hakitamkwi, hata kwa mume. Karatasi ilisema dola elfu tisa. LaVonne akaichana vipande vidogo.

"Nani mwingine anakijua kiasi hiki?"

"Mungu. Na kampuni ya akaunti."

"Darrell je?"

"Nilimwambia kuna sadaka, basi. Yule ni mwanangu, si karani wa mbinguni!"

Bi Ione akacheka kidogo, halafu kicheko kikamkauka. "LaVonne, mwanangu, niambie kweli. Huenda sikuituma?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Darrell anasema nimesahau. Anasema nasahau mengi siku hizi. Ijumaa saa tisa tunakwenda kwa wakili. Nikitia saini, yeye ndiye atakayeamua kila kitu, nyumba itauzwa, nami nitapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Nilikataa mwaka mzima. Nimekubali kwa sababu ya hundi hii. Ukisahau sadaka yako mwenyewe, umebakiza akili gani?"

LaVonne akamuuliza taratibu alivyoituma.

Kampuni, alieleza Bi Ione, ilimpelekea hundi nyumbani ili aifikishe mwenyewe kanisani. Barabara zilikuwa barafu tupu, hivyo akaitia katika bahasha, akaifunga kwa gundi, akaiweka katika sanduku lake la barua kando ya barabara na kuinua ile bendera nyekundu ya kumwita mtu wa posta. Ilikuwa Alhamisi ya mwisho kabla ya Krismasi, asubuhi. Alipochungulia mchana, bendera ilikuwa imeshushwa.

Jumatano saa tatu asubuhi LaVonne alimkuta Gordon Aune katika jiko la kanisa, akisugua sufuria ambayo haikuwa chafu.

"Umekuja kwa ajili ya pikapu," alisema Gordon.

"Nimekuja kwa ajili ya hundi. Lakini haya, tuanze na pikapu."

"Nimeuza ng'ombe. Wote. Nimekamua tangu nikiwa kijana, sasa mikono haifungi tena." Akaionyesha, vidole vimepinda. "Mke wangu akasema nunua kitu cha kukutoa nyumbani, la sivyo utaanza kunikamua mimi."

LaVonne alijitahidi asicheke. "Na sadaka?"

"Tunahesabu wawili wawili, sijawahi kubaki nazo peke yangu. Fungua kabati, fungua chochote. Ila LaVonne, jana dukani watu waliacha kuzungumza nilipoingia. Watu ambao watoto wao walibatizwa mimi nikiwa msimamizi!"

Kutoka hapo LaVonne akaenda posta. Tia Schroepfer, anayesambaza barua za barabara ile, alikuwa amejiandaa kugombana.

"Sijaiba kitu cha mtu."

"Hakuna aliyesema umeiba. Alhamisi ile kwa Bi Ione, unakumbuka?"

"Vizuri sana. Kila mwaka kabla ya Krismasi huniachia biskuti sandukuni. Safari hii nikakuta bendera chini, ndani biskuti tu, barua hakuna. Nikaweka gazeti lake nikaondoka. Hata kutoka garini sikutoka, maana theluji ilikuwa imeshasukumwa mpaka kwenye sanduku."

"Saa ngapi?"

"Saa tano. Siku ile nilichelewa."

Aliporudi ofisini LaVonne akampigia simu Bi Ione, akapata kibali chake, kisha wakaiuliza kampuni ya akaunti kwa pamoja. Jibu lilikuja mchana: hundi ilitolewa Desemba, haijawahi kupelekwa benki yoyote.

Hapo LaVonne aliweka kalamu chini akafikiri sana. Mtunza hazina mwizi angetafuta namna ya kuila pesa. Mtu wa posta mwizi naye hivyohivyo. Huyu alikuwa ameiba chakula kisha akakaa nacho bila kukionja, kwa hiyo faida yake haikuwa dola. Ilibaki kujua nani alinufaika kwa hundi kutofika.

Alhamisi saa nne alimtembelea Darrell Kvistad katika duka lake la mbegu. Darrell, mwanamume wa miaka hamsini na saba mwenye mabega mapana na macho ya uchovu, alimmiminia kahawa kabla ya kuombwa.

"Akili ya Mama imeharibika, LaVonne. Inaniuma kusema. Baridi ya mwaka juzi nilimkuta ameanguka kwenye ngazi, midomo imekuwa ya buluu. Alikuwa ananiita tangu asubuhi."

"Pole. Sikujua."

"Hakutaka watu wajue."

"Na karatasi za kodi, ulijazaje?"

"Programu inauliza waziwazi: je, kuna kiasi kilichokwenda moja kwa moja kwa kanisa au shirika la hisani? Nikabonyeza hapana. Ningefanyaje? Siwezi kuiongopea serikali kwa elfu tisa ambazo kanisa halijaziona."

LaVonne aliandika, akamaliza kahawa yake, akamshukuru.

Ijumaa saa nane mchana, Bi Ione alikuwa jikoni kwake amevaa gauni la kanisani, tayari kwa wakili. Darrell alikuwa ameegesha gari nje. LaVonne alibisha hodi, akaingia, akavuta kiti.

"Darrell, kaa kidogo. Kiasi cha ile sadaka nani alikuambia?"

"Mama."

"Mimi?" Bi Ione akageuka. "Sikukutajia kamwe!"

"Basi nimesoma kwenye karatasi ya kampuni."

"Karatasi ya kampuni ina jumla tu," alisema LaVonne. "Elfu kumi na nne. Kanisa halikuiona hundi, na mama yako aliniandikia mimi nikachana. Bahasha ilikuwa imefungwa. Jana ulinitajia elfu tisa bila kusitasita. Anayekijua kiasi hicho ni yule aliyeifungua bahasha. Na Alhamisi ile nani alisukuma theluji hapa nje?"

Bi Ione ndiye aliyejibu, polepole. "Yeye. Huja kila theluji ikianguka. Kabla ya kazi."

Kisha yule mwanamume mkubwa akafunika uso kwa mikono.

"Nilidhani ni bili, Mama. Nilitaka kukulipia. Nikafungua nikaona elfu tisa, nikaogopa. Nani atakulipia matibabu zikiisha? Nikasema nitakuuliza baada ya Krismasi. Halafu barua ya shukrani isipokuja, ukaanza kuniuliza wewe kama uliituma kweli, na nikaona..." Akashusha mikono usoni. "Nikaona kwamba ukijitilia shaka, utakubali kuhama. Iko katika dawati langu dukani. Sikutaka hata senti."

"Najua hukutaka senti," alisema Bi Ione. "Unajua nilichokuwa nafanya, Darrell? Kila asubuhi kabla sijainuka kitandani nilikuwa nataja majina ya wajukuu zangu kwa sauti, kuhakikisha bado ninayo. Ulinifanya nijiogope mwenyewe. Na Gordon wa watu anasengenywa dukani!"

"Nitabonyeza ndiyo, Mama. Leo hii. Nitarekebisha kwenye programu."

"Hutabonyeza kitu. Kanisa halikuipata mwaka jana, kwa hiyo hapana yako ndiyo kweli sasa. Umeufanya uongo kuwa kweli kwa kuificha hundi dawatini. Kodi nitalipa. Wewe utasimama kanisani Jumapili, umtaje Gordon kwa jina, useme mbele ya watu wote."

Darrell akaitikia kwa kichwa. LaVonne akasema kwamba kuchukua barua ya mtu ni kosa, kwamba yeye ataandika taarifa yake, na mwanasheria wa serikali ndiye atakayeamua. Bi Ione akazichukua karatasi za wakili zilizokuwa mezani zikingoja saini, akazikunja, akazitia kwenye jiko la kuni.

"Sasa," alimwambia mwanawe, "niulize ulichotakiwa kuniuliza tangu nilipoanguka."

Darrell alivuta kiti chake karibu naye.

"Mama, unaogopa kukaa humu peke yako?"

"Ndiyo," alisema Bi Ione, na machozi yakamtoka. "Kila usiku. Ungeniuliza tu, ningekuambia."