Sayari za Nyota Iliyokufa

"Binti yako anawafundisha watoto wetu mizimu," fundi bomba alisema. Alisimama mlangoni, barua mkononi. "Wazazi saba wametia sahihi. Saa nane inafika kwa mwalimu mkuu."

"Kamtafute shetani atie ya nane," jirani yake, fundi cherehani, alimjibu. Hakuacha kushona.

Binti wa mama huyo alikuwa amerudi kula chakula cha mchana. Alikuwa mwalimu mpya, bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Barua kama ile ingetosha kumwachisha kazi.

"Mzee, nimekosa nini?" alimuuliza fundi bomba.

"Umesema nyota imekufa, lakini inapiga kama moyo. Eti ina sayari, na hakuna jicho lililoziona. Mwanangu halali siku ya tatu leo. Anasema maiti wa juu anamgongea."

"Na wewe na ndevu zako ukaamini," fundi cherehani alisema. "Ukautembeza uongo huo mtaa mzima."

"Mama, ngoja." Mwalimu alimgeukia fundi bomba. "Wiki iliyopita ulitutengenezea bomba. Ulitoboa ukuta mahali pamoja tu. Maji uliyaona?"

"Ningeyaonaje, na bomba limo ndani? Niliegemeza chuma ukutani, nikatega sikio. Panapovuja pana mlio wake."

"Kwa hiyo hukuona, lakini ulijua."

"Kazi ya miaka ishirini hiyo," fundi alisema.

"Wataalamu wa nyota nao wanatega hivyo. Nyota kubwa ikilipuka, tunasema imekufa. Kinabaki kiini kidogo, kizito mno. Kinazunguka mbio na kutoa mawimbi ya redio, kama tochi inayozungushwa. Kila mwali ukipita kwetu, mitambo inapokea pigo moja. Nyota hiyo inaitwa pulsa. Haina moyo wala mzimu."

"Na sayari?"

"Mapigo hayo huja sawasawa kuliko saa nyingi. Lakini kuna pulsa chache ambazo mapigo yake yanawahi kidogo, halafu yanachelewa kidogo, kwa zamu ile ile. Wewe ungesemaje?"

Fundi alikuna kidevu. "Kuna kitu kinaivuta."

"Ndiyo sayari. Inaizunguka nyota, na nyota inayumba. Ikiyumba kuja kwetu, pigo linawahi. Ikiyumba kwenda kule, linachelewa. Sayari za kwanza kuthibitishwa nje ya mfumo wa jua letu zilijulikana hivyo. Ziko mbali mno, haziwezi kumgongea mtu."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Ilikuwa saa saba na nusu. Fundi aliitazama ile barua.

"Hawa saba niliwatia maneno mimi," alisema polepole.

"Basi kawatoe," fundi cherehani alisema. "Uongo ulikwenda kwa miguu yako. Ukweli nao uende kwa miguu hiyo hiyo."

Fundi aliichana barua vipande vinne.

"Na mimi nina kosa," mwalimu alisema. "Nilisema imekufa, nikaishia hapo. Kesho njoo darasani, uwaonyeshe watoto unavyosikiliza ukuta."

Alasiri ile fundi alipiga hodi milango saba. Wawili walimcheka, mmoja alimfokea. Asubuhi alikwenda shuleni, na watoto wakapanga foleni kutega sikio. Usiku huo mtoto wa fundi bomba alilala mpaka kukakucha.

Mchana uliofuata fundi bomba alikuja kutoa habari. Aliishia mlangoni, macho chini.

"Mtoto amelala," alisema. "Nilikuja kusema hilo tu."

Fundi cherehani aliondoa vitambaa kwenye kiti.

"Habari ya mlangoni hainogi," alisema. "Kamwite mkeo na mtoto, mje mle. Chakula kinapoa."