Kiti cha Utingo

Ilikuwa siku ya soko, na barabara kuu ya Isiolo ilijaa mbuzi, mikokoteni ya maji na akina mama wa miraa waliogombania kivuli. Ndani ya duka la kompyuta la Salesio, fundi Ephantus hakuwa na mteja. Alikuwa akiendesha lori la kwenye gemu, spika amezifungulia hadi mwisho, na lori lilipanda mlima wa theluji kwa mngurumo uliofika hadi nje.

"Warya," sauti ilimwita kwa Kisomali kutoka mlangoni. "Rudisha gia. Unaiua injini."

Ephantus aliinua kichwa. Mzee mrefu mwenye ndevu za hina alisimama kizingitini, uso ameuelekeza kwenye spika. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Msichana aliyemshika mkono alivaa buibui la kijivu na mtandio wa rangi ya machungwa, na alikuwa ameibana midomo ili asicheke.

Ephantus akarudisha gia. Injini ikatulia.

"Sawa," mzee akasema. "Sasa, salaam aleikum."

Mzee Siyad alikuwa amebeba mizigo kati ya Isiolo na Moyale miaka thelathini, wakati barabara ilikuwa mawe na vumbi, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomnyang'anya macho. Alisimama dukani nusu saa nzima akimfundisha Ephantus kuendesha lori lisilokuwepo. Alasiri yule binti, Sahro, alirudi peke yake. Aliuliza kama gemu lile lingeweza kurekodiwa, picha pamoja na sauti, walitie kwenye televisheni ya nyumbani. Mama yake angetazama na kusimulia, baba angesikiliza. Tangu aache barabara, alisema, mzee hakuwa ameongea na mtu kwa muda mrefu kiasi kile.

Ephantus alijibu kwamba hiyo ilikuwa kazi ndogo. Alikuwa kijana wa Kerugoya, mtoto pekee wa mjane. Alikuja Isiolo serikali ya kaunti ilipoanza na ofisi zikahitaji mafundi. Kwa miaka mitatu majirani wa ploti aliyopanga mtaa wa Bulla Pesa walimwita fundi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina. Naye hakuwahi kuwaambia, kwa kuwa alijiona haombi urafiki kama mtu aombaye chumvi.

Alitafuta programu ya kurekodi skrini, akachagua ile yenye picha safi kuliko zote. Kila chembe ya theluji ilionekana. Salesio mwenyewe aliisifu, katikati ya kelele za duka, akampa Sahro flashi yenye rekodi kwa mkono wake. Jioni simu ililia.

"Fundi, lori lako ni bubu," Sahro alisema.

"Bubu vipi?"

"Halitoi hata mlio. Baba amekaa mbele ya televisheni kama mtu aliyealikwa harusini akanyimwa pilau."

Aibu ilimchoma. Alikuwa ametumia saa nzima kupendezesha picha kwa ajili ya mtu asiyeona. Akatafuta programu ya pili. Hii ilinasa sauti vizuri, lakini kwa kuwa ilikuwa ya bure ilikatika baada ya dakika kumi. Sahro alipiga tena, safari hii akicheka: mzee alikuwa anauliza kama mafuta yameisha au dereva amewakimbia polisi. Programu ya tatu ndiyo iliyofaa. Ilirekodi saa nzima bila kukatika, na Ephantus alipopunguza ubora wa picha, kompyuta ikaacha kuhema na injini ikasikika mpaka mlio wa breki za upepo.

Kuanzia hapo simu hazikukoma. Sahro, aliyeuza vitambaa sokoni, alimpigia kila mchana wateja walipopungua. Alimwita Dereva. Alimwambia sauti yake inanukia majani ya chai ya kwao. Alimtania kwamba mama yake, akisimulia picha, sasa aliongea kama mtu aliyezaliwa kwenye theluji. Akija kuchukua flashi alikaa dakika tano, kisha ishirini, mikono yake yenye hina ikichezea nyaya mezani. Ilifika siku Ephantus akamwita mpenzi, na Sahro hakumkatalia. Alisema tu, polepole, "Usiniite hivyo watu wakiwepo. Hapa kuta zina mashangazi."

Alikuwa akirekodi Jumapili mchana. Duka lilifungwa, Salesio alikuwa kanisani, na upande ule wa mji ulikuwa kimya. Jumapili moja aliwasha programu, akaendesha dakika moja, akasikiliza, akaridhika, akaanza upya. Saa ilikuwa ndefu na milima haikuisha. Kando ya dereva, kiti cha utingo kilikuwa kitupu. Ephantus akaanza kukisemesha.

Flashi ile ilichezwa Ijumaa baada ya sala, sebuleni kwa Mzee Siyad, mbele ya ndugu yake Shuriye aliyekuja kumjulia hali. Kwa dakika arobaini ilikuwa injini tu. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka ndani ya lori, ya chini, ya karibu, kama mtu anayeongea huku macho yakiwa barabarani. "Sahro, mpenzi, funga dirisha. Baridi itakuumiza."

Mama aliacha kusimulia. Shuriye alisimama.

Kuanzia siku hiyo simu ya Sahro ilikuwa mikononi mwa ami yake Shuriye, na soko likamkosa. Ephantus alipiga mara kumi na moja, kisha akaacha. Hakujua kilichotokea. Alijiambia kwamba wamepata walichotaka, na fundi ni fundi. Alipita nje ya soko bila kugeuza shingo. Chakula alinunua cha mtu mmoja, akakila amesimama. Lile gemu aliacha kulifungua.

Wiki ya tatu Sahro aliingia dukani mchana kweupe. Hakukaa. Aliiweka flashi mezani.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Sio kunitangaza kwa baba yangu kupitia televisheni."

"Nimetangaza nini?"

Alimtazama, akaona kwamba kweli hajui, na hasira ikakosa pa kukaa. Ephantus alichomeka flashi, wakagawana vipokea-sauti, sikio moja moja. Akasikia injini yake. Kisha akajisikia mwenyewe.

"...wewe una usingizi, Sahro, lala. Nitakuamsha tukifika. Tukishuka mlima huu nitamwambia baba yako ukweli. Ama umwambie wewe? Mimi ni mwoga, na njia bado ndefu."

Programu ilikuwa inanasa maiki pamoja na gemu. Ile dakika ya kujaribu alikuwa kimya, kwa hiyo hakugundua. Alivua kipokea-sauti, uso ukiwaka.

"Sikujua kama inanichukua."

"Na maneno?"

Angeweza kusema ni mchezo. Salesio alikuwa pale, akijifanya anahesabu chaja.

"Maneno ni yangu," Ephantus alisema. "Yote. Hata la uoga."

Sahro alikaa, hatimaye. Alimweleza kwamba ami yake alitaka kuja na vijana. Baba ndiye aliyemzuia. Baba alicheka pale kwenye uoga, akaomba irudiwe, kisha akauliza, huyu anayesemesha kiti, ana watu? Kama anao, aje nao. Na aje akiwa Mwislamu.

Ephantus alimwona akilini mama yake, sare ya kanisa imepigwa pasi, akiwa peke yake kwenye benchi la mbele.

"Ningekudanganya kwa urahisi sana," alisema. "Lakini nikisilimu kwa sababu tu Jumapili ya mpweke ni ndefu, mzee atasikia. Yeye husikia gia ikikosewa."

"Atasikia," Sahro alikubali. Machozi yalishuka bila sauti. "Na mimi siwezi kumtoroka mtu ambaye hawezi hata kuniona nikitoka."

"Sikukuomba hivyo."

"Najua, Dereva. Ungeomba, ningekuchukia kidogo. Ingenisaidia."

Aliinuka, akapanga mtandio. Alisema jambo moja tu la mwisho, kwamba mzee tangu siku ile anauliza safari inayofuata. Ephantus alisema atampelekea.

Jumapili alifungua programu, akatafuta alama ya maiki, akaizima. Akaendesha saa nzima.

Siku flashi ilipofika, Mzee Siyad alikaa karibu na spika na kichwa ameinamisha. Gia zilibadilishwa vizuri, kila mlima, kila kona. Mkewe alisimulia miti na daraja. Nusu ya safari mzee akamgusa binti yake.

"Baba yako anasikia injini tu. Huyu kijana mbona leo haongei?"

Sahro alitazama televisheni, barabara nyeupe iliyokuja na kuja.

"Yupo, Aabo," alisema. "Anaendesha."