Waya wa Nyumba Namba Saba

Ajenda ya Nne: Kuondolewa kwa Nyumba Namba Saba katika Mtandao wa Kushirikiana Mafaili Makubwa Mtaani, kwa Sababu Mwanachama Hapatikani.

Mwanachama alikuwa Walubengo, na hakupatikana kwa sababu alizikwa Jumamosi. Lori la mahindi lilimgonga mjini Turbo. Mzee Zachariah, mwenyekiti, karani mstaafu aliyeamini kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea, aliuliza kama kuna pingamizi. Hakukuwa na pingamizi. Waya ukakatwa.

Mtandao wenyewe ulikuwa kazi ya Walubengo. Alipitisha waya juu ya ua, nyumba hadi nyumba, mpaka akavunjika mguu wa kushoto akianguka kutoka paa la Wacera, ili video za harusi na za kwaya zimfikie jirani bila kununua bando. Faili kubwa alilikata vipande, kila kompyuta ikatunza kimoja. "Mtu akilifungua," alipenda kusema, "vipande vinatafutana."

Wiki ya pili likatokea faili geni. Halikuwa na jina. Lilikuwa na vipande sita, kimoja kila nyumba, isipokuwa ya saba.

Wacera mwenye duka alimwendea Nelima, mama wa marehemu, mvua ya saa tisa alasiri ikianza.

"Mama Walubengo, usinikasirikie. Kuna mtu anatembea jikoni kwangu, na simwoni."

"Anatembeaje?"

"Na gambuti, viatu vya mvua. Anaburuta mguu wa kushoto."

Nelima aliweka kikombe chini. "Amekula?"

Kwa mwalimu Chelimo kulikuwa na harufu ya koti lililolowa, na udongo mbichi. Kwa Mzee Zachariah kulikuwa na kicheko, kile kile Walubengo alichokuwa akikiziba kwa kiganja kila mara kumbukumbu za kikao ziliposomwa. Mzee alikiandika chini ya Mengineyo.

Kwa Nelima, katika nyumba namba saba, hakukuwa na kitu. Alikaa siku tatu chumbani mwa mwanawe akisikiliza mabati. Kisha akaenda kwa mwenyekiti, akamkuta na Chelimo.

"Mzee, nyinyi wote mnaye. Mimi niliyemzaa ndimi nisiye na hata kikohozi chake. Rudisheni waya."

"Mama, huyo si Walubengo," alinong'ona Chelimo. "Ni jini limevaa sauti yake. Pasta amesema tuzime kila kitu, aombee nyumba zote."

"Pasta amezika watoto wangapi?"

Mzee akafungua daftari. "Kuna fomu ya kumrudisha mwanachama," alisema. "Lakini lazima mwanachama akubali mwenyewe, mbele ya kamati."

Nyuma yake, kando ya kabati la faili, mtu alicheka.

"Umemsikia," alisema Nelima. "Amekubali."

Waya ulirudishwa Alhamisi, saa tisa. Kwanza harufu ilitoka kwa Chelimo, kisha kicheko kikamwacha Mzee Zachariah na chumba kilichokuwa kimya kupita kiasi, kisha gambuti zikatoka jikoni kwa Wacera, zikafuata ua chini ya waya, polepole, tope likipokea alama ya mguu mmoja na mfereji mrefu wa mguu wa pili, na majirani wakasimama milangoni mwao wakiangalia mvua ikinyesha kila mahali isipokuwa pale gambuti zilipokuwa zikipita, hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuomba wala kupiga kelele, mpaka mlango wa nyumba namba saba ukafunguliwa kwa ndani, na wakasikia sauti ya Nelima, sauti ya mama yeyote saa kama hiyo:

"Vua viatu. Chai inapoa."

Pasta alifika Ijumaa asubuhi na Biblia yake. Mlangoni palikuwa na gambuti zilizolowa. Mezani palikuwa na vikombe viwili, vyote vitupu.

Kumbukumbu za kikao kilichofuata zinasema kwamba Nyumba Namba Saba haipatikani. Kilichotokea ni kwamba Walubengo alirudi nyumbani, na alipoondoka, mamake alikwenda naye.