Kopo la Majivu

Kila asubuhi kabla ya shule, Swaumu alichekecha majivu kwa kipande cha kanga kuukuu mpaka yakawa laini kama unga. Mama yake alikuwa mbanguaji katika kiwanda kidogo cha korosho pale Newala. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi, na glovu zilikwisha kuchanika zamani. Akina mama walijipaka majivu mikononi, kazi ikaendelea.

Siku moja wenzake walimwita kutoka njiani. "Swaumu, tunakuacha." Akazoa majivu mafigani, akajaza kopo vilevile, na vipande vya mkaa humo humo.

"Umechekecha?" mama akauliza.

"Nimechekecha, mama."

Mkaa ukamchubua mama vidole, mafuta yakapenya kwenye michubuko. Siku ya tatu ngozi ikaanza kubanduka. Mama alificha mikono ndani ya kanga, akaenda kazini.

Jumamosi Swaumu alipeleka chakula kiwandani, akamkuta msimamizi, Mzee Barnaba, amesimama mbele ya mama.

"Onyesha mikono, Mama Swaumu."

Mama akaionyesha. Barnaba akaokota korosho nyeupe yenye doa la damu.

"Miaka kumi na moja hukunipa doa hata moja. Lakini leo umenipa. Nenda nyumbani."

"Nitapona, mzee. Wiki moja tu."

"Ukipona uje, tuone kama nafasi ipo."

Jirani wa mama benchini, Sijaona, alikwisha kujisogeza kwenye nafasi ile. "Mwacheni bibi wa watu akapumzike," akasema. Benchi zima likacheka.

"Shikamoo, babu," Swaumu akasema huku analia. "Kosa ni langu. Sikuchekecha majivu."

"Marahaba. Vizuri umesema. Ila damu iko palepale kwenye korosho."

Mwezi mzima mama alikwenda zahanati kufungwa vidonda, na nyumbani walikula ming'oko, mizizi ya porini, asubuhi na jioni. Alipopona, Barnaba alimrudisha, lakini benchi la nyuma, pamoja na vikongwe.

Jioni ya siku hiyo mama akamwita Swaumu. "Mwanangu, pale kiwandani hawakunichukua mimi, walichukua vidole. Vikiharibika, hakuna anayeuliza jana nilikuwa hodari kiasi gani. Basi kazi usiifanye nusu, na usiniambie umemaliza kama hujamaliza."

Asubuhi Swaumu akamletea kopo. Mama akachota majivu kidogo, akayapima kwa kuyasugua shavuni. Vidole vyake viwili havikuwa vikihisi kitu tena.