Elisifa na Vidonge vya Ujana

Elisifa aliishi Kibosho na mumewe, Valerian. Tangu Valerian apate kiharusi, Elisifa alimwogesha, akamlisha, na kukata majani ya ng'ombe. Usiku alikuwa akiamka kumgeuza. Miaka mitatu ilipita hivyo.

Siku moja kanisani mwanamke wa rika lake alimwamkia, "Shikamoo, bibi." Elisifa alirudi nyumbani akiwa mnyonge. Kesho yake sokoni alinunua vidonge. Muuzaji alisema vinarefusha telomea na kurudisha ujana. Elisifa akaviamini, akaacha dawa zake za presha.

Baada ya wiki chache alianguka mgombani. Jirani yake Violet, muuguzi, alimshika mkono akamwingiza ndani. Akampima presha. Ilikuwa juu sana.

"Dada, dawa zako umezifanya nini?"

Elisifa akamwonyesha vile vidonge. "Muuzaji alisema vinarefusha telomea. Hizo telomea ni nini hasa?"

"Ndani ya seli za mwili kuna nyuzi ndogo sana," Violet alisema. "Ncha za nyuzi hizo ndizo telomea. Zinazilinda, kama plastiki ya kwenye ncha ya kamba ya kiatu. Seli ikijigawa, ncha inafupika kidogo. Ikiwa fupi mno, seli inaacha kujigawa. Inazeeka. Hata zangu zinafupika."

"Na vidonge hivi?"

"Hakuna kidonge kilichothibitishwa kurudisha ujana. Ila wataalamu wameona telomea fupi zaidi kwa wavutaji sigara, na kwa watu wenye msongo wa muda mrefu. Hata kwa baadhi ya wanaouguza wagonjwa miaka mingi."

Valerian alisikia yote kutoka kitandani. "Kumbe mimi ndiye ninayemzeesha," alisema polepole.

"Hapana, kaka. Amebeba peke yake mzigo wa watu wengi."

Valerian alimtazama mkewe. "Basi niitieni mdogo wangu Sirili."

Violet alimpeleka Elisifa hospitali, naye akarudia dawa zake. Sirili alichukua kazi ya majani. Binti yao Goodness alipanda kutoka Njoro, kule mjini, kila Jumamosi, akalala hapo ili amgeuze baba yake usiku. Elisifa alianza kutembea jioni na Violet. Presha ilishuka.

Mchana mmoja Sirili aliingia akiongea kwa sauti. Elisifa alikuwa amesinzia kwenye kiti kando ya kitanda. Valerian aliinua mkono wake usiopooza, akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu," alinong'ona. "Mke wangu amelala."