Waliifuta Mikono ya Mwanangu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, mkazi wa Waithaka, Nairobi. Napika katika nyumba ya watu huko Spring Valley. Hata sasa ninapoandika nimeinuka tena kuangalia simu... Ya nini, na najua hakuna kitu?

Binti yangu Neema alizaliwa kiziwi. Kwa ajili yake nilianzisha kundi mtandaoni, akina mama tufundishane lugha ya ishara kwa video. Neema ndiye aliyekuwa mwalimu wetu! Mimi alinitungia ishara ya jina langu: kugusa sikio mara mbili, kwa sababu ya hereni zangu.

Nimonia ikamchukua akiwa na miaka tisa. Baadaye simu yangu, yenye picha zake zote, ikanyakuliwa mjini. Nikabaki na zile video za kundini tu.

Kazini simu haziingii jikoni, basi nikampa rafiki yangu Mama Brian mamlaka yote ya kundi. Tulikuwa chanda na pete!

Ndipo kampuni ya mtandao huo ikabadilisha masharti. Video zetu zingetumika kufundishia mashine zao za akili bandia, utake usitake. Tuliwaka! Akina mama tukakutana mjini, tukaamua kufuta kila kitu ili kupinga. Nilimsihi Mama Brian angoje hadi Jumapili nihifadhi za Neema.

"Usijali, Mama Neema. Hizo siwezi gusa," akaniambia.

Ijumaa nilifungua simu nikitoka kazini... Kundi lilikuwa tupu! Nikaenda mbele, nikarudi nyuma, hadi mlinzi wa geti akaniuliza kama nimefiwa.

"Si tulikubaliana?" Mama Brian alisema nilipompigia. "Nikiacha zako, kila mtu atataka zake ziachwe."

Nikajilaumu kwa ubinafsi wangu. Kumbe! Baada ya siku chache nikaona kundi jipya, mtandao uleule, masharti yaleyale. Msimamizi ni Mama Brian. Na video zote za Brian zimo! Za mwanawe alizihifadhi kabla hajafuta zetu. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Niliiandikia kampuni. Ikajibu kwamba kilichofutwa hakirudi.

Wenzangu, pingeni, msinyamaze! Lakini kabla ya kufuta, kila mtu ahifadhi chake kwa mkono wake. Na usimkabidhi mtu funguo zote kwa kuwa mnakunywa chai pamoja.

Kila asubuhi nagusa sikio mara mbili mbele ya kioo, nisije nikasahau. Lakini vidole vyangu ni vinene... havifanani na vyake.